Muwasho Umerudi Palepale: Nikatwe Tena?

BARUA

Dada mpendwa, salaam.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana. Sikujua nianzie wapi kuzungumzia mahali ambapo hata mbele ya daktari nilikuwa napaita "kule chini". Leo nimeamua kupataja. Nina saratani ya uke wa nje, ya aina ambayo daktari aliiita ugonjwa wa Paget, na imerudi.

Nina miaka 61. Ilianza kwa muwasho kwenye shavu la kushoto la uke. Nikapewa krimu ya fangasi, nikapewa nyingine, kisha ya ukurutu, kisha nikaambiwa ni mambo ya kukoma hedhi. Karibu miaka miwili ilikwenda hivyo. Walikuwa wananiuliza maswali nikiwa nimeketi na nguo zangu, wanaandika, naondoka na dawa. Mwishowe muuguzi mmoja akaniomba nipande kitandani aangalie. Akaona baka jekundu lenye utando mweupe juu yake, akanipeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Nilikatwa kinyama cha kupima na jibu likatoka.

Nikafanyiwa upasuaji. Waliondoa shavu lote la kushoto na ngozi ya kuelekea nyuma. Kidonda kiliachia nyuzi siku ya tisa, nikakaa miezi miwili nikikiosha na kukikausha. Mpaka leo nikienda haja ndogo mkojo hautoki kwa mstari, unatawanyika na kulowesha mapaja. Nilivumilia yote kwa sababu niliambiwa kingo za ile nyama waliyoitoa zilikuwa safi. Mimi nikaelewa kwamba yamekwisha.

Imepita miaka mitatu. Muwasho umerudi pembeni ya kovu, na sasa unapanda kuelekea kwenye kinembe. Nikakatwa kinyama tena. Daktari akasema ni ileile, nijiandae kwa upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza, na huenda kinembe nacho kikaondolewa. Daktari kijana aliyekuwa naye akataja krimu ya kupaka, lakini wakaanza kuzungumza wao kwa wao, nami nikaona haya kuuliza. Nikasema nitarudi wiki ijayo. Tangu siku hiyo imepita miezi minne.

Mume wangu anajua nilipona. Nimekuwa nalala nimempa mgongo ili asinione nikijikuna. Dada yangu mkubwa ndiye pekee niliyemwambia, naye akasema ugonjwa wa mahali pale hauji bure, nijichunguze nilivyoishi. Nimejichunguza, Dada. Nimejichunguza mpaka nimechoka.

Wodini tulikuwa watatu wenye saratani ya sehemu hiyo. Mmoja alikuwa na melanoma, akafariki kabla mwaka haujaisha. Mwingine alikuwa na ile wanayosema ndiyo ya kawaida, akapigwa mionzi ya kinena. Kila ninapojikuna namuwaza yule wa kwanza.

Nisaidie. Kama kingo zilikuwa safi, hii imetoka wapi? Walibakiza? Ni lazima nikatwe tena, na nikikatwa ndiyo mwisho? Itafika mapafuni? Nina binti wawili, wakubwa sasa. Niwaambie nini?

Ni mimi,
Mama wa Wawili

JIBU

Dada yangu,

Nimefurahi kwamba ya mara hii hukuichana.

Hukujiletea. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokuumiza kuliko kisu. Dada yako anakupenda na pengine ameogopa, lakini hapa amekosea. Paget ya uke wa nje haiambukizwi kwa kujamiiana wala kwa uchafu. Haitokani na kile kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wengi wao wakiwa na miaka 60 na 70, wakiwamo walioolewa na wasioolewa, waliozaa na ambao hawakuzaa kabisa. Ukijichunguza maisha yako yote hutaikuta humo.

Nimefanya uuguzi katika wodi ya magonjwa ya wanawake kwa miaka mingi, na wenye ugonjwa wako niliowahudumia nawahesabu kwa vidole. Saratani zote za uke wa nje zikijumlishwa huwapata wanawake wapatao 47,000 kwa mwaka duniani kote, wakati ile ya mlango wa kizazi huwapata zaidi ya 600,000. Katika kila mia moja ya hao 47,000, Paget ni mmoja au wawili. Kwa hiyo daktari anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asikutane nayo. Hilo linaeleza kwa nini haikujulikana mapema, ila halihalalishi miaka miwili ya krimu bila mtu kukutazama. Mwanamke aliyekoma hedhi akilalamika muwasho wa uke usiokwisha kwa dawa baada ya wiki chache, apandishwe kitandani, mwanga uwashwe, na penye shaka pakatwe kinyama. Ni dakika kumi na sindano ya ganzi. Nalisema kwa uchungu kwa sababu hadithi ya mwanzo wako ndiyo hadithi ya karibu kila mmoja wao niliyemhudumia.

Sasa hizo kingo safi. Daktari hakukudanganya, lakini hakumaliza sentensi.

Saratani nyingi huwa na uvimbe: kitu chenye mwanzo na mwisho, unakizunguka kwa kisu na kukitoa. Paget haiko hivyo. Seli zake hutawanyika ndani ya ngozi ya juu, moja hapa, kikundi pale, katikati ya seli nzima. Fikiria tone la mafuta lililodondokea kitambaa. Doa unaloliona ni dogo kuliko mafuta yaliyokwisha kusambaa kwenye nyuzi. Mpasuaji hukata kwa kufuata doa na kuongeza nafasi kidogo. Maabara nayo haiwezi kuitazama kila sehemu ya ukingo. Huchukua vipande vyembamba na kuviangalia kwa darubini. "Kingo safi" maana yake ni kwamba katika vipande vilivyoangaliwa hakikuonekana kitu. Sentimita moja kutoka hapo, kwenye ngozi inayoonekana nzima, kinaweza kuwapo kikundi kingine kilichojitenga. Inawezekana pia ngozi iliyobaki ikaanzisha ugonjwa upya, maana kilichouzaa mara ya kwanza hakikuondoka na ile nyama.

Ndiyo sababu ugonjwa huu unasifika kwa kurudi. Takriban mmoja katika kila watatu waliopasuliwa hurudiwa, na kuna mahali walikoona zaidi ya nusu. Hurudi kwa waliotoka na kingo chafu na kwa waliotoka na kingo safi pia, ingawa hawa wa pili hurudiwa kwa uchache zaidi. Wengine hurudiwa baada ya miaka kumi. Kwa hiyo sioni kwamba walibakiza kwa uzembe. Ninachowalaumu ni kukuacha uende nyumbani ukiamini yamekwisha, wakati walipaswa kukuambia: "Tumetoa tulichokiona, sasa tutakuangalia maisha yako yote."

Jina la Paget ni la daktari Mwingereza, James Paget, aliyeueleza ugonjwa wa namna hii kwenye chuchu ya ziwa mwaka 1874. Huu wa uke ulielezwa mwaka 1901. Miaka yote hiyo tiba iliyotegemewa ilikuwa kisu tu. Mtu alikatwa, ukarudi, akakatwa tena, mpaka akabaki hana cha kukatwa. Siku hizi madaktari wanaouzoea hujiuliza mambo mawili kabla ya kugusa kisu, na majibu yake yote mawili yamo ndani ya kinyama ulichokatwa miezi minne iliyopita.

La kwanza ni kina. Je, seli bado zimo ndani ya ngozi ya juu peke yake, au zimeupenya ule utando wa chini yake na kuanza kushuka? Swali lako la mapafu linajibiwa hapa. Zikiwa juu tu, hazina njia ya kufika kwenye tezi za kinena wala kwenye damu. Huwasha, huchubua, hukera na kukukosesha usingizi, lakini walio wengi sana wenye hali hiyo huishi umri wao na kufariki kwa jambo jingine kabisa. Na wengi wa wenye Paget wako katika kundi hili. Zikiwa zimepenya mambo hubadilika, na hata hapo kupenya chini ya milimita moja hakuchukuliwi sawa na kupenya zaidi. Daktari alikuambia "ni ileile". Neno hilo halitoshi. Nenda ukaulize: imepenya au haijapenya? Na kwa kuwa baka limepanda kuelekea juu, kinyama kimoja hakitoshi pia. Waombe wachukue vidogo kadhaa, pembeni ya kovu, karibu na kinembe, upande wa kulia ambao bado unaonekana mzima, na kuelekea nyuma, ili ipatikane ramani ya mahali ulipofika. Ugonjwa unaweza kuwa juu tu sehemu moja na umepenya sehemu nyingine.

La pili ni asili. Mara nyingi Paget huanzia hapohapo kwenye ngozi. Mara chache seli hizo huwa ni wageni waliotambaa kutoka kwenye saratani ya njia ya haja kubwa au ya kibofu cha mkojo. Maabara huweza kuzitofautisha kwa kutia rangi maalumu kwenye kinyama. Majina utakayoyaona kwenye karatasi ni CK7 na CK20, pamoja na mengine. Zikionekana za ngozi, hakuna haja ya kukufanyia kila kipimo kilichopo. Vile vya kawaida vya umri wako, kama vya maziwa na utumbo, vinatosha. Zikitia shaka, au ukiona damu kwenye choo au mkojo, hapo utahitaji kamera ya utumbo mpana na ya kibofu kabla ya tiba yoyote. Nimewahi kuona mgonjwa anakatwa ngozi huku chanzo kimekaa ndani, na sitaki kuliona tena.

Tuseme basi majibu yametoka hivi: haijapenya, na ni ya ngozi. Hapo yule daktari kijana alikuwa na hoja, na ninasikitika hukupewa nafasi ya kuisikia.

Krimu aliyoitaja bila shaka ni imikwimodi ya asilimia 5. Ilianza kutumika kwa chunjua za sehemu za siri. Haiui saratani kwa sumu. Inaushtua ulinzi wa mwili katika ngozi ile iliyopakwa, ili uzitambue seli ambazo umekuwa ukizipita bila kuziona. Huko Uholanzi waliwapaka wanawake 24 wenye Paget isiyopenya, mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Karibu nusu yao ngozi ilisafika kabisa, na ukijumlisha na waliopata nafuu ya sehemu walizidi wanane katika kila kumi. Wanawake 24 ni wachache, nakubali, lakini kwa ugonjwa adimu kama huu ni hazina, tena kuna ripoti nyingine nyingi ndogondogo zinazoelekea hukohuko, pamoja na za waliorudiwa baada ya kukatwa kama wewe.

Nikuambie ukweli wake wote. Krimu hii inawaka. Wiki ya pili au ya tatu ngozi itakuwa nyekundu, itachubuka, inaweza kutoa majimaji, na kukojoa kutauma. Baadhi huchoka na kuumwa kichwa kama wenye mafua. Wanawake wengi huiacha hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huo moto ndio dalili kwamba mwili umeamka. Unapaka kidogo sana, usiku, unaosha asubuhi. Ukizidiwa unampigia aliyekuandikia, anakupumzisha wiki moja au anapunguza idadi ya siku, na anakupa marhamu ya ganzi. Baada ya wiki 16 wanakata vinyama tena kuhakikisha, kwa sababu ngozi inaweza kupendeza kwa macho huku seli bado zimo. Nayo haiweki mkataba: unaweza kurudiwa hata baada yake. Lakini ukirudiwa unapaka tena, ukiwa bado na mwili wako mzima. Kwa mwanamke ambaye ugonjwa umefika karibu na kinembe na mrija wa mkojo, mimi ningetaka hili lijaribiwe kwanza kabla ya kisu, na ningetaka daktari anayekataa anipe sababu. Ila usije ukainunua na kujipaka mwenyewe. Ikiwa seli zimepenya, utakuwa unapaka juu huku ugonjwa unashuka.

Ziko pia njia za leza, za dawa inayoamshwa kwa mwanga, na mionzi kwa asiyeweza kuhimili upasuaji. Zinasaidia baadhi, na ugonjwa hurudi baada yake vilevile.

Ikiwa imepenya, kisu kina haki yake, na hapo usikikimbie. Watakata kwa kina zaidi, nao watataka kujua kama tezi za kinena zimeguswa. Zamani walizitoa zote, pande zote mbili, na wanawake wakabaki na miguu iliyovimba maisha yao yote. Sasa, pale inapowezekana, huingiza rangi na dawa yenye mnururisho kidogo karibu na ugonjwa, wakatazama ni tezi gani inayoipokea kwanza, na kuitoa hiyo peke yake wakaipime. Ikiwa safi, nyingine zinaachwa. Uulize kama njia hiyo inakufaa. Ikitokea siku moja ugonjwa umesambaa, kinyama kipimwe HER2, kwa sababu baadhi ya Paget hubeba alama hiyo kama saratani fulani za matiti, na ipo dawa inayoilenga, trastuzumabu. Sikuelezi hili ili uogope. Nataka tu ujue kwamba baada ya kisu bado kuna njia.

Na kama ni kukatwa, usikubali mpango wa "tutaona tukifika". Uulize kabla: kinembe kina ugonjwa kweli, au kinaondolewa kwa tahadhari tu? Kinyama kidogo cha pale kitajibu. Nani atafunika pengo? Upasuaji wa pili penye kovu haufai kufungwa kwa kuvutavuta ngozi, maana hapo ndipo nyuzi huachia. Aitwe mtaalamu wa kurekebisha maumbile, aazime ngozi ya paja au ya tako na kujaza pengo vizuri. Kidonda chako cha siku ya tisa hakikutokana na uchafu wako. Mahali pale pana unyevu na msuguano, na vidonda kuachia ni jambo la mara kwa mara. Na mkojo unaotawanyika wataje tu, usione ni kitu kidogo. Ukiinama mbele sana wakati wa kukojoa, au ukitumia faneli ndogo ya plastiki, hupungua, na wakati mwingine mpasuaji anaweza kurekebisha mdomo wa pale palipovutwa na kovu akiwa tayari yuko hapo.

Nije kwa wenzako wa wodini, hasa huyo unayemuwaza. Mlilala vitanda vya jirani na mlikatwa mahali pamoja, lakini hamkuwa na ugonjwa mmoja. Melanoma ya uke ni saratani ya seli za rangi ya ngozi, na ni kali. Hupimwa kwa kina chake kwa milimita, husafiri mapema kwa damu, na hurudi mbali, kwenye mapafu na ini, hata pale mahali pa kwanza pakiwa safi kabisa. Zile dawa za vidonge zinazowasaidia baadhi ya wenye melanoma ya ngozi kwa kulenga badiliko la jeni iitwayo BRAF haziwafai wengi wa wenye ya uke, kwa sababu badiliko hilo kwao ni la nadra zaidi. Wao hupimwa pia jeni nyingine, KIT, na wengi hupewa dawa za kuamsha kinga ya mwili kama nivolumabu na pembrolizumabu, ambazo zimewaongezea muda watu ambao zamani hatukuwa na la kuwapa. Nasikitika kwa rafiki yako. Kifo chake hakikutabirii chochote wewe.

Yule wa mionzi alikuwa na ile inayotokana na seli za kawaida za ngozi, ambayo ni kama tisa katika kila kumi ya saratani za hapo. Nayo hurudi sana. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanawake waliotolewa ile tezi ya kwanza, ndani ya miaka 10 ugonjwa ulikuwa umerudi mahali palepale kwa asilimia 36 ya waliokuwa na tezi safi, na hata hivyo asilimia 91 yao hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo. Napenda kuwaonyesha wagonjwa hizo namba mbili zikiwa pamoja. Kurudi kwenye ngozi, kukigunduliwa mapema, hutibika. Kurudi kwenye tezi za kinena ndiko kunakotutisha. Wenye ngozi nyeupe iliyosinyaa, ile ya lichen sklerosasi ambayo aina hiyo huweza kuota juu yake, wapake steroidi yao kali kila inavyoelekezwa hata muwasho ukitulia: Australia, kati ya wanawake 507 waliofuatiliwa, hakuna hata mmoja wa waliopaka kwa uaminifu aliyepata saratani. Wasomaji wengine wenye hali hiyo nawaomba walishike hili. Na aliyepita miaka 40 akitokewa na uvimbe pembeni ya mlango wa uke, asikubali utumbuliwe tu na kufungwa. Tezi ya Batholini nayo hupata saratani, na kinyama ndicho kinachosema.

Kwako wewe kinachofuata, tiba yoyote utakayopata, ni kuangaliwa: kila miezi mitatu hadi sita katika miaka miwili ya mwanzo, kisha mara mbili kwa mwaka, kisha angalau mara moja kwa mwaka bila kukoma. Nyumbani chukua kioo mara moja kwa mwezi, penye mwanga, ukiwa umekaa umetulia. Mara ya kwanza utalia, wengi hulia. Ya tatu utakuwa unajua kovu lako linavyokaa, na hapo ndipo utakapoona kilichobadilika: wekundu mpya, mchubuko usiofunga, utando mweupe, mahali pagumu. Pitisha vidole kwenye kinena pande zote mbili. Mtoki unaokaa wiki mbili bila kidonda mguuni ukupeleke kwa daktari, usisubiri tarehe ya kliniki. Usijipake steroidi iliyobaki kabatini, kwa sababu inatuliza muwasho na kuficha baka.

Miezi minne uliyokaa haijaharibu kila kitu. Ugonjwa huu kwa kawaida huenda polepole. Ila usiniandikie tena ikiwa imefika minane.

Mume wako. Nimeisoma mara mbili sentensi ya kumpa mgongo. Anaweza kuwa anadhani humtaki. Mwambie usiku, taa ikiwa imezimwa kama ni rahisi hivyo: umerudi, hauambukizi, kuna tiba, na naogopa. Huna haja ya kumweleza ramani ya vinyama. Tendo la ndoa likiuma liacheni kwa sasa, na hasa wakati wa krimu, kwa sababu pamechubuka na dawa inaweza kumuunguza yeye pia. Baadaye mtajua pamoja mnachoweza. Kovu likibana, yapo mazoezi ya kulilegeza, na wapo wataalamu wa mazoezi ya nyonga wanaoyafundisha bila kukuaibisha.

Binti zako waambie ukweli huohuo, kwa jina lake. Ugonjwa huu haujulikani kuwa wa kurithi kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kwa hiyo hawahitaji kipimo chochote kwa sababu yako. Wanachohitaji ni kujua kwamba muwasho wa uke usiokwisha hukaguliwa kwa macho, na kwamba mama yao aliwahi kupewa krimu miaka miwili.

Kliniki nenda na karatasi ya jibu la kwanza na ya pili. Kama wanataka ushauri wa hospitali inayotibu saratani hizi mara nyingi zaidi, na mimi ningewasihi waombe, maabara hutunza vile vioo vya kinyama chako na wanaweza kuvituma vikasomwe upya. Maswali yaandike: imepenya, inatoka wapi, imefika wapi, kwa nini isiwe krimu kwanza, na kama ni kisu, nani atafunika. Na mtafute yule muuguzi aliyekuomba upande kitandani. Mwombe aingie nawe, akushikie hiyo karatasi wakati unavua, na akuone umeiuliza yote kabla hujavaa.